Maji ya Rembe, Kitabu cha Kakungulu: Darasa la Vijana na Uhai wa Dini

Taja Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, mjini Arua, na aghalabu utajibiwa mambo mawili: Idi Amin aliwapiga marufuku, na Wamarekani wakaja kuwafufua. La kwanza ni kweli, nalo linatuchoma sisi wa West Nile kuliko wengine, maana Amin kwa baba ni Mkakwa, kwao Koboko, na kila dhambi yake tumebebeshwa. La pili limegeuka kauli ya kawaida hata kwenye semina za wasomi: Uyahudi wa Mbale, kwao Abayudaya, wanasema, ni zao la wafadhili. Makala haya yanalikataa hilo la pili. Ninadai kwamba kilichouhifadhi Uyahudi ule ni darasa la vijana, lililoendeshwa na wenyeji wenyewe kwa vifaa hafifu. Na kipimo cha dai hilo hakiko Mbale. Kiko hapa kwetu.

Kipimo chenyewe ni Yakan, vuguvugu la Rembe. Rembe, nabii wa Kikakwa, aliwanywesha Walugbara maji yaliyoaminiwa kukinga maradhi na hata kuzigeuza risasi za Wazungu kuwa maji. Anayemjua Kinjikitile wa Ngarambe, nabii wa Maji Maji, hahitaji kuelezwa zaidi. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917, miaka mitatu tu tangu West Nile ihamishwe kutoka Sudan na kutiwa Uganda. Mwaka 1919 wafuasi wake wakapambana na polisi, na vuguvugu likazimwa kwa bunduki.

Mwaka huohuo wa 1919, huko Mbale, Semei Kakungulu alijitahiri na kuwatahiri wanawe. Huyu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatwalia Waingereza nchi ya mashariki, kisha akaona madaraka yake yanamegwa kidogo kidogo. Husimuliwa kwamba wenzake wa madhehebu ya Kikristo ya Malaki walipomkanya kuwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Harakati mbili, mwaka mmoja, na nadhani chuki moja kwa mtawala mmoja. Ya Mbale leo ina masinagogi, shule na marabi. Ya Koboko na Arua ina sura kadhaa katika vitabu vya wanaanthropolojia.

Kuhusu matukio ya maisha ya Kakungulu hapana ugomvi mkubwa. Wanahistoria Arye Oded na Michael Twaddle wameyaandika, na kitabu cha Twaddle cha mwaka 1993 hakijapata mrithi. Ugomvi uko katika maana. Msomaji wa Twaddle hutoka na picha ya mtu wa siasa aliyenyimwa alichostahili, na ni rahisi kuuona Uyahudi wake kama kinyongo kilichovikwa joho la sala. Sibishani kuhusu mwanzo. Lakini kinyongo cha jemadari hakirithiwi na mkulima wa migomba. Kakungulu alikufa mwaka 1928. Kama dini ile ilikuwa siasa tupu, ingezikwa naye. Nadharia ya siasa inaeleza kwa nini moshi ulianza kufuka, haielezi nani aliendelea kutia kuni.

Kuni zilitoka darasani. Mwaka 1920 Kakungulu alikutana na Myahudi aliyejulikana kwa jina la Yosef, ambaye alikaa naye miezi ipatayo sita akimfundisha kalenda, sikukuu na sheria za kuchinja. Yosef alipoondoka, Kakungulu hakungoja mgeni mwingine. Alifungua shule ya kuwapa wafuasi wake kile alichokipokea, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiganda cha sala na kanuni. Kitabu hicho kina mabaki mengi ya Ukristo, na wapo wanaokibeza kwa sababu hiyo. Mimi naona mabaki hayo ni alama za vidole vya mtu anayejifunza hadharani. Maji ya Rembe yakishanyweka yamekwisha. Ukurasa husomwa tena na mtoto wa msomaji.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, ni wa baadaye. Chini ya Amin masinagogi yalifungwa, watu wakasali kwa siri, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Gershom Sizomu, ambaye sasa ni rabi, amesimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiliwa kwa mbuzi watano. (Mbuzi watano si mzaha, ni mali ya kaya.) Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jioni ile ilikuwa ya kuingia Pasaka ya Kiyahudi. Jumuiya iliyokuwa na maelfu ilikuwa imebaki na watu mia chache.

Hapo ndipo vijana walipoingia. Katika miaka ya 1980, wakati familia za Koboko na Arua zikikimbilia Zaire na Sudan kuokoa roho baada ya mauaji kama ya Ombaci ya Juni 1981, kikundi cha vijana wa Mbale, miongoni mwao Sizomu, J.J. Keki na Aaron Kintu Moses, kilikaa kilima cha Nabugoye, kwenye ardhi ya jumuiya. Walilima pamoja, wakasali pamoja, wakajifunza kwa wazee waliobaki. Zaburi za Kiganda wakazitia mahadhi ya kwao, na wimbo ukawa kitabu cha asiyekuwa na kitabu. Nyimbo hizo zilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Kikundi kilijiita Kibutsi. Ujumbe wa shirika la Kimarekani la Kulanu, ambao wapinzani wangu huuona kama mwanzo wa kila kitu, ulifika mwaka 1995. Ulikuta watu wanaoshika Sabato na vijana wenye maswali tayari mdomoni.

Nitaambiwa jina Kibutsi lenyewe limeazimwa Israeli, na kwamba Oded, Mwisraeli, alishawatembelea tangu 1962. Sawa. Jina liliazimwa, jembe lilikuwa lao. Nitaambiwa pia kwamba mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwaingiza rasmi mamia katika Uyahudi, maana yake kabla ya hapo hawakuwa Wayahudi. Hilo ni swali la sheria ya dini, na marabi wenyewe hawakubaliani. Mwanahistoria anatosheka kuona kwamba marabi wale waliwakuta watu wameshajifunza.

Pingamizi zito ni moja: Yakan ilipigwa risasi ikiwa changa, ilhali Abayudaya walipata nusu karne ya utulivu kabla ya Amin. Nalikubali, na linapunguza ukali wa ulinganisho wangu. Tena Yakan haikufa kabisa. Miongoni mwa Walugbara iliendelea kuwa pepo wa kutibiwa na waganga. Lakini tazama ilikohamia: kutoka kusanyiko la wengi hadi mkeka wa mgonjwa mmoja. Mganga ana wateja, hana wanafunzi wa kukaa duara na kumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo anayetaka kujua dini gani itadumu West Nile, iwe ya msikiti, ya kanisa au ya maji, asihesabu wafadhili wake kwanza. Aulize vijana wanakutana wapi jioni, nani anawafundisha, na kama wanaruhusiwa kubisha. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi mwaka 2003, akatawazwa mwaka 2008. Aliporudi alifungua yeshiva, yaani shule ya dini ya Kiyahudi, huko Nabugoye, kwenye kilima kilekile alichokaa na wenzake wa Kibutsi.