Umeme Usiogusa Waya na Somo la Reli Tatu za Dar

Wadau, siku hizi kuna gumzo kwamba magari ya umeme yatachajiwa bila waya. Unaegesha tu, betri inajaa yenyewe. Wapo wanaosema hii ni sayansi mpya kabisa, wapo wanaosema ni mazingaombwe. Mimi nasema wote wamekosea. Sayansi hiyo iko juu ya nguzo mtaani kwako, uwe unakaa Mwananyamala au Tandika. Inaitwa transfoma.

Ndani ya transfoma kuna koili mbili za waya ambazo hazigusani. Umeme wa TANESCO hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye koili ya kwanza unazaa nguvu ya sumaku inayobadilika pamoja nao. Sumaku hiyo ikipita kwenye koili ya pili inazaa umeme mwingine humo. Kanuni hii aliionyesha Michael Faraday, London, mwaka 1831. Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Kwa hiyo, ndugu yangu, umeme unaolipia leo kwa Luku umesharuka pengo kabla haujafika sebuleni kwako.

Sasa kwa nini gari liwe shida? Kwa sababu ya umbali. Kwenye transfoma kuna chuma katikati kinachoielekeza sumaku njia. Kwenye gari, koili moja inafukiwa chini, nyingine inafungwa uvunguni mwa gari, na katikati kuna hewa ya sentimita kama 10 hadi 25. Sumaku inatawanyika ovyo. Dawa waliyoipata wahandisi ina sehemu mbili. Kwanza, badala ya mara 50 kwa sekunde, umeme unageuzwa mara 85,000 hivi. Pili, wanaweka kapasita ili koili zote mbili ziitikie masafa yaleyale, kama unavyozungusha kitufe cha redio mpaka stesheni ikamate. Gari likiegeshwa sawasawa, asilimia 90 hivi ya umeme inafika kwenye betri. Likiegeshwa upande upande, inapungua.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1894 Wafaransa wawili, Maurice Hutin na Maurice Leblanc, walipata hataza Marekani ya kuendesha magari ya reli kwa njia hii. Lakini vifaa vya bei nafuu vya kuzalisha masafa makubwa havikuwepo, na wazo likalala karibu karne nzima. Kazi iliyolifufua kwa nguvu ilifanyika New Zealand, Chuo Kikuu cha Auckland, ambako Profesa John Boys na wenzake walitumia elektroniki za miaka ya 1990.

Halafu kuna kisa cha General Motors, na hapa naomba tuwe makini kidogo. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilianza kukodisha gari la umeme lililoitwa EV1. Kuchaji kwake ulichomeka kifaa bapa cha plastiki kwenye tundu la gari. Ndani yake kulikuwa na koili, chuma hakikugusana na chuma. Kilifanya kazi vizuri, hata kwenye mvua. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengine walitumia plagi ya kawaida. Mwaka 2001 jimbo la California likaamua plagi ndiyo iwe kiwango. Mwaka uliofuata General Motors ikauacha mfumo wake. Sayansi haikushindwa. Kilichokosekana ni makubaliano.

Sisi wa Dar tunapaswa kukielewa kisa hiki kuliko watu wengi, maana tuna reli tatu zisizopatana. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970, ina 1,067. SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina 1,435. Tofauti ya hizo mbili za kwanza haizidi upana wa vidole vinne, lakini kwa ajili ya vidole hivyo ilibidi pawepo kituo kule Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Kila mkoloni au mfadhili alikuja na kipimo chake, sisi tukabaki na gharama.

Koili zina hatari hiyohiyo. Mwaka 2013 Korea Kusini waliweka mabasi mawili mjini Gumi yanayochajiwa na koili zilizofukiwa barabarani. Mwaka 2020 ukatoka mwongozo unaoitwa SAE J2954, ili gari la kampuni moja lichajiwe na koili ya kampuni nyingine. Lakini huo ni wa magari madogo, hadi kilowati 11. Basi kubwa linataka nguvu nyingi zaidi ya hapo.

Na kwetu basi ndilo lenye maana. Bodaboda haina kituo maalumu, ndiyo maana Kigali wenzetu wameanza kubadilishana betri. Lakini mwendokasi, iliyoanza mwaka 2016 kwa mabasi ya dizeli, inasimama palepale kila siku: Kimara, Morocco, Kivukoni. Dakika chache za kusubiri abiria zingetosha kuongeza chaji kidogo kidogo. Hata Jangwani, sumaku haizuiwi na maji ya mafuriko, ingawa masanduku ya mitambo yangebidi yawekwe juu.

Siku mtu atakapokuja na zabuni ya kufukia koili Barabara ya Morogoro au ya Kilwa, wengi tutauliza bei. Naomba tuulize na hili: basi la kampuni nyingine, likinunuliwa miaka kumi baadaye, litachajiwa hapo? Jibu likiwa hapana, tujue tunajengewa reli ya nne.

Mnasemaje, wadau?