Madini ndani ya madini: Mchanga wetu una nini zaidi ya titani?

Hapa kwetu Gongoni hakuna asiyejua chumvi inavyofanywa. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua huyakausha, chumvi hukusanywa. Yanayobaki ni maji mazito, machungu, yenye magnesiamu, potasiamu na bromini. Magnesiamu hiyo imo katika orodha ya madini muhimu ya Marekani na ya Umoja wa Ulaya. Bwawa moja, basi, lina mali inayopimwa kwa magunia na mali nyingine isiyotajwa na mtu.

Ardhini mambo ni hayo hayo, na yatuhusu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin ya Kanada ilipima mchanga wa pwani na kukuta titani Kwale, Vipingo, Sokoke na Mambrui, majirani zetu wa karibu.

Madini muhimu ni yapi?

Ni yale ambayo viwanda vya taifa haviwezi kwenda bila yake, na ambayo upatikanaji wake waweza kukatika wakati wowote. Mengi hayana migodi yake. Galiamu hutolewa viwandani pale boksaiti inapogeuzwa kuwa alumini. Indiamu hupatikana kwenye zinki, na telurimu kwenye usafishaji wa shaba. Madini haya husafiri kwa nauli ya mwenzake: yule mkubwa akichimbwa nayo hutoka, na asiyeyatafuta huyatupa pamoja na taka.

Mchanga wa pwani

Kati ya maeneo yale manne, lililochimbwa ni Kwale peke yake. Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza mwezi Februari 2014 na kumaliza kuchimba Desemba 2024. Iliuza ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Mbili za kwanza ni mawe ya titani. Zirkoni nayo hubeba hafniamu kidogo, inayotumika katika mitambo ya nyuklia.

Mchanga wa aina hii aghalabu huwa pia na monazaiti, yenye madini adimu ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Monazaiti ina thoriamu vilevile, ambayo hutoa mnururisho. Ina thamani na ina hatari kwa pamoja.

Oktoba 2024, Energy Fuels ya Marekani ilinunua Base Resources, kampuni mama ya Base Titanium. Wakati huo Kwale ilikuwa ukingoni. Kivutio kikubwa kilikuwa mchanga wa Toliara, Madagaska, wenye titani na monazaiti. Energy Fuels ina kiwanda Utah kinachosafisha monazaiti. Mnunuzi alijua anachokitaka ndani ya mchanga ule.

Mrima na majirani

Mlima wa Mrima, Kwale, ambao ni msitu wa kaya, una niobiamu pamoja na madini adimu. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa mwaka 2013. Kampuni ikashtaki Kenya mbele ya mahakama ya kimataifa ya usuluhishi na kushindwa mwaka 2018, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kutimiza sheria, ikiwemo ya mazingira.

Kilembe, Uganda, kulichimbwa shaba kwa miaka mingi. Mabaki yake yalirundikwa Kasese, na kuanzia 1999 kampuni nyingine ikatoa kobalti ndani ya rundo hilo hilo. Lubumbashi nako, taka za tanuri la zamani la shaba zimekuwa chanzo cha germaniamu, na mwaka 2024 mzigo wa kwanza ulipelekwa Ubelgiji.

Tuulize nini?

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Mgao huo ni mzuri, ila hukatwa kwenye kilichoandikwa na kuuzwa. Asilimia 10 ya kisichoandikwa ni sufuri.

Kwa hivyo ikija kampuni Mambrui, au popote Magarini, naona wazee, vijana na waheshimiwa wetu wasikubali mazungumzo kabla ya kujibiwa haya:

1. Ripoti ya maabara inataja madini yote yaliyomo mchangani, au titani tu?
2. Mrabaha utahesabiwa pia kwa yale yanayoandamana na titani?
3. Mgodi ukifungwa, rundo la mabaki litakuwa mali ya nani?
4. Kama kuna monazaiti, nani atapima mnururisho kwa wafanyakazi na visimani, na matokeo yatasomwa wapi?

La tatu watu hulipuuza. Kasese na Lubumbashi zinaonyesha kwamba rundo la leo laweza kuwa mgodi wa wajukuu wetu, na mwenye kulimiliki ni yule aliyeandikwa kwenye mkataba wa kwanza.