Vipuri vya bei nafuu kutoka ng'ambo: Ubora wa gari hulindwa na nani?

ABIRIA anayepanda gari aina ya Probox katika soko la Nyacheki, eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, aghalabu huwa na mambo mawili akilini: nauli, na iwapo atapata mahali pa kuketi. Ni nadra ajiulize pedi za breki za gari hilo zilitengenezewa wapi, au nani alizikagua. Hata hivyo, barabara za milima ya Gusii zina miteremko mirefu, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na gari lililoundwa kubeba watu watano mara nyingi hubeba maradufu. Katika mazingira hayo, tofauti baina ya kipuri thabiti na kipuri duni hujitokeza mapema zaidi kuliko kwenye barabara tambarare.

Suala la vipuri vya bei nafuu huzungumzwa humu nchini kana kwamba ni dhambi ya wauzaji wa Barabara ya Kirinyaga na Grogan jijini Nairobi peke yao. Sivyo. Kampuni kubwa zinazounda magari zimekuwa zikisaka vipuri vya bei ya chini kwa miongo kadhaa, na baadhi ya makosa yaliyosababisha hasara kubwa zaidi yalizaliwa ndani ya mikataba yao rasmi, wala si vichochoroni.

Gari moja huwa na maelfu ya sehemu. Kampuni ambayo nembo yake imebandikwa mbele ya gari hutengeneza sehemu chache tu kati ya hizo, hasa injini na bodi. Zilizobaki hununuliwa kutoka kwa kampuni nyingine, nazo hununua kutoka kwa kampuni ndogo zaidi, na mnyororo huo huweza kuvuka bahari mara kadhaa kabla ya gari kukamilika. Kwa sababu hiyo, afisa wa ununuzi ana uwezo mkubwa wa kuongeza faida ya kampuni kuliko hata mhandisi.

Aliyedhihirisha jambo hilo kuliko wengine ni Mhispania José Ignacio López, aliyesimamia ununuzi katika kampuni ya Opel nchini Ujerumani na baadaye General Motors nchini Marekani, kabla ya kuhamia Volkswagen mwaka wa 1993. Aliwalazimisha wauzaji wa vipuri kupunguza bei tena na tena. Vitabu vya hesabu vilipendeza, lakini magari ya Opel yakaanza kupata sifa mbaya kwa hitilafu za mara kwa mara, na Wajerumani hadi leo hutumia jina lake kueleza ubora unaoporomoka kwa sababu ya kubana bei kupita kiasi.

Kisa cha Aston Martin kinafundisha zaidi, kwa kuwa hapa hatuzungumzii magari ya bei rahisi. Mnamo Februari 2014, kampuni hiyo ya Uingereza, ambayo huuza magari kwa matajiri, ilitangaza kurejesha magari 17,590. Mkono wa kanyagio la mafuta ulikuwa ukitengenezwa nchini Uchina na mfanyabiashara aliyekuwa ngazi kadhaa chini katika mnyororo wa ununuzi. Plastiki aliyotumia ilikuwa na jina la kampuni ya DuPont, lakini ilikuwa ghushi, na mkono huo ungeweza kuvunjika dereva akiwa barabarani. Kwa gari la bei ya kutisha, tatizo lilikuwa kipande cha plastiki. Kampuni iliahidi kuhamishia kazi hiyo Uingereza.

Lililo muhimu katika kisa hicho ni kwamba wenye magari walijulikana. Kila mmoja aliandikiwa barua na kuwekewa mkono mpya bila malipo. Vivyo hivyo, mwaka wa 2012 nchini Australia, magari takriban 23,000 ya Great Wall na Chery kutoka Uchina yalipopatikana na asbesto katika gasketi zake, ilhali madini hayo yalikuwa yamepigwa marufuku huko tangu mwisho wa mwaka wa 2003, wanunuzi walitangaziwa na kuonywa wasiziguse gasketi hizo.

Sasa tuje kwa mifuko ya hewa ya Takata, kisa kinachotuhusu moja kwa moja kwa sababu magari mengi ya mitumba ya Kenya hutoka Japani. Kampuni hiyo ya Japani iliamua kutumia kemikali ya amoni nitrati kufurisha mifuko yake, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko zile za washindani. Mkulima wa Nyacheki anaijua jamaa ya kemikali hiyo: imo ndani ya mbolea ya CAN anayokuzia mahindi, na anajua pia kwamba gunia likiachwa wazi mbolea hunyonya unyevu na kugandamana. Ndani ya gari, joto na unyevu wa miaka mingi viliidhoofisha kemikali hiyo hadi ikawa inalipuka kwa nguvu isiyokusudiwa, na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Nchini Marekani pekee watu zaidi ya 20 walifariki na takriban vifaa milioni 67 vikaamriwa kubadilishwa. Honda, Toyota, Nissan na Mazda ni miongoni mwa kampuni zilizoathirika. Takata ilikiri makosa ya ulaghai mahakamani mwaka wa 2017 na kufilisika mwaka huo huo.

Je, barua ya kurejesha gari humfikia nani likishauzwa ng'ambo? Gari hufutwa katika sajili ya Japani kabla ya kupakiwa melini. Huku Kenya hupewa nambari mpya na mwenyewe mpya, ambaye kiwanda hakimjui. Hatari ya mifuko hiyo ni kubwa zaidi katika maeneo ya joto jingi na unyevu, kwa hivyo gari lililofanya kazi Mombasa miaka mingi kabla ya kuuzwa Kisii linastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko lile lililokaa milimani tangu mwanzo.

Kenya haikukusudia kuwa mwisho wa mnyororo huu. Katikati ya miaka ya 1970, viwanda vitatu vya kuunganisha magari vilianzishwa: Leyland mjini Thika, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers; Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa; na General Motors jijini Nairobi, ambacho tangu 2017 kinajulikana kama Isuzu East Africa. Serikali ilitaka sehemu fulani, kama vile betri, springi, viti, vioo na mabomba ya moshi, zinunuliwe humu nchini. Bei zake hazikuwa nafuu, lakini mtengenezaji alikuwa jirani, na springi ikivunjika alijulikana wa kuulizwa.

Milango ya biashara ilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, mitumba ilifurika na viwanda hivyo vikapungukiwa na kazi. Watengenezaji wa vipuri waliovitegemea walidhoofika navyo. Kiwanda cha tairi kilichoanza mwaka wa 1969 kwa jina la Firestone, na ambacho baadaye kilimilikiwa na Sameer Africa, kilisitisha utengenezaji jijini Nairobi mwaka wa 2016, na tairi za Yana zikaanza kuletwa kutoka India na Uchina. Hata leo, vifaa vya gari lililokuja vipandevipande ili kuunganishwa hapa havitozwi ushuru wa forodha, ilhali kwa gari kamili kiwango kilipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka wa 2023. Sera hiyo inalinda kazi ya kuunganisha. Pekee yake, haimhimizi mtu kutengeneza kipuri hapa nchini.

Kwa upande wa ukaguzi, Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) hutumia kanuni ya KS 1515 ya mwaka wa 2000, inayozuia magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane na kutaka yakaguliwe kabla ya kusafirishwa. Tangu 2005, bidhaa nyingine nyingi, vipuri vikiwemo, hukaguliwa katika nchi zinakotoka. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa mwaka wa 2008. Kanuni zipo, basi. Lakini ukaguzi wa gari hueleza hali yake siku ile ya ukaguzi. Pedi zitakazowekwa Nyacheki baada ya miezi sita haziumo ndani ya cheti hicho.

Na hapa ndipo mwenye gari anapopaswa kupambanua, kwani si kila kipuri cha bei nafuu ni kibovu, na si kila kilichotoka Uchina ni ghushi. Kuna kipuri kilicho katika boksi la mwenye gari, kama vile Toyota. Kuna kile cha kampuni zinazoviuzia viwanda hivyo hivyo, mathalan Denso, Aisin na NGK, ambacho huweza kuwa sawa kabisa kwa bei ya chini. Kuna cha kampuni isiyo na uhusiano na kiwanda, lakini inayouza kwa jina lake yenyewe na iko tayari kulitetea. Kisha kuna kile kinachovaa jina la mwingine, na hicho ndicho ghushi, hata kama muuzaji anaapa. Spea zilizokwishatumika Japani ni jambo jingine: nyingi ni imara, ila kwa breki na tairi umri wenyewe ni kasoro.

Pedi ya breki ni bamba la chuma lililogandishiwa mchanganyiko mgumu unaosugua diski. Kwenye pedi duni, mchanganyiko huo hupoteza mshiko ukipata joto, au hubanduka. Probox ya kubeba mizigo iliundwa kwa mzigo wa kilo 400. Ikiteremka na watu 10 huku dereva akitegemea breki badala ya gia ndogo, pedi hiyo hupata joto ambalo hata kipuri halisi hakipendi. Haitakuwa haki kukilaumu kiwanda cha ng'ambo kwa hilo.

Anayenunua asidai risiti yenye jina la duka na aina ya kipuri huwa ameiachilia haki yake ya kurudi. Na kuhusu Takata, nambari ya chesi imo katika stakabadhi ya umiliki na kwenye kibati ndani ya boneti. Kampuni za Japani zina tovuti ambako nambari hiyo huandikwa ili kuonyesha kama gari liliwahi kuitwa na kama lilirekebishwa. Maandishi ni ya Kijapani, lakini kijana yeyote mwenye simu ya kisasa sokoni Nyacheki anaweza kuyatafsiri kwa dakika chache.