Kobe wa Plantation House: mabwana huondoka, mfugo hubaki

Kobe huishi muda mrefu kuliko mfugaji wake, kwa hiyo swali la nani atamtunza mfugaji asipokuwepo ni la zamani. Katika kisiwa cha Saint Helena, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, swali hilo lilijibiwa kwa kumkabidhi mnyama kwa ofisi badala ya mtu.

Mwaka 1882 kobe wanne kutoka Ushelisheli waliletwa kisiwani. Mmoja wao, aliyekuja kuitwa Jonathan katika miaka ya 1930, alikuwa tayari mtu mzima, ndiyo maana hukadiriwa kuwa alizaliwa mnamo 1832. Akawekwa kwenye viwanja vya Plantation House, makazi ya gavana. Magavana walikuja na kuondoka muda wao ulipokwisha. Kobe akabaki malishoni, na kila gavana mpya alimkuta pamoja na nyumba.

Kwa miaka mingi alijilisha nyasi mwenyewe. Uzee ulipomletea mtoto wa jicho na kumpotezea uwezo wa kunusa, alishindwa kuchagua malisho bora. Mdomo wake mgumu ukawa butu na wenye kumeguka. Daktari wa mifugo wa kisiwa akaanza kumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki: karoti, matango, tufaha na ndizi. Mlishaji huvaa glavu nene, kwa kuwa kobe asiyeona huuma chochote kilicho mbele yake. Baada ya muda mdomo ulirudia ukali wake, naye akaweza tena kukata nyasi.