Kiyama cha Mchezo na Kiyama cha Kusini

Mwaka 1997 kampuni ya Interplay ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Fallout. Katika mchezo huo dunia imekwisha kuangamia. Tarehe 23 Oktoba 2077 mataifa makubwa hushambuliana kwa mabomu ya nyuklia, na kwa muda wa saa chache miji hugeuka majivu. Wachache huokoka kwa kujifungia katika mahandaki makubwa chini ya ardhi, na wajukuu wao ndio watokao baadaye kuitazama nchi iliyoungua. Mchezo wa kwanza ulitazamwa kutoka juu, kama mtu atazamavyo ubao wa bao. Mwaka 2008 kampuni ya Bethesda ilitoa Fallout 3, na umbo likabadilika: mchezaji akaona kwa macho ya shujaa mwenyewe, bunduki mkononi, na mbele yake nchi wazi ambayo aweza kuizunguka apendavyo. Ukafuata Fallout: New Vegas mwaka 2010, kisha Fallout 4 mwaka 2015, kisha Fallout 76 mwaka 2018. Hivyo mfululizo huu umekuwa mfano mkuu wa michezo ya kupiga risasi katika dunia iliyokwisha kupita kiyama.

Michezo ya namna hii aghalabu husifiwa au hulaumiwa kwa picha zake, sauti zake na wepesi wa mikono ya wachezaji wake. Mizani hiyo si mbaya, walakini si mizani pekee. Ipo nyingine, nayo ni historia. Nchi inayoanzia Makambako na Njombe, ikashuka milima ya Wapangwa mpaka Manda kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ikavuka mto Ruhuhu na kuingia Ungoni, ni nchi iliyokwisha kuona kiyama chake. Kiyama hicho hakikubuniwa na mtu kwa ajili ya burudani. Kijana wa Makambako akishika mchezo kama huu hujifunza namna ya kuwaza juu ya nchi iliyoharibika, hali amekaa juu ya nchi ambayo iliwahi kuharibika hivyo. Kwa hiyo ni haki kuuliza: mchezo huu unasema kweli gani, na uongo gani, juu ya watu wanaobaki baada ya nchi yao kuangamizwa?

Sifa ya kwanza ya Fallout ni kwamba hauanzii vitani, bali huanzia katika kimbilio. Shujaa wa Fallout 3 amelelewa ndani ya handaki. Mlango unapofunguliwa, jua humpofusha, na nchi humtisha kwa upana wake. Jambo hili lina ukweli mkubwa. Katika miaka ya 1860 Wangoni walipojikita katika nchi ya Songea na kuanza kuvamia majirani zao, watu wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa walikimbilia miambani na ziwani. Wasafiri wa Kiingereza waliopita huko katika miaka ya 1870 waliona vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, mahali ambapo mpiganaji wa nchi kavu hawezi kufika kwa urahisi. Maji yalikuwa ndiyo handaki la watu hao. Mtu aliyezaliwa juu ya nguzo hizo aliijua nchi kavu kama mahali pa hatari kabla hajaijua kama mahali pa kulima. Mchezo umefahamu vema kwamba kimbilio huokoa uhai wa mtu, lakini pia humfundisha hofu ambayo hana budi kuishinda siku ya kutoka.

Sifa ya pili ni namna mchezo unavyosimulia. Hapana msimulizi anayemshika mchezaji mkono. Mchezaji huingia katika nyumba iliyobomoka, akakuta mifupa ya watu wawili kitandani imekumbatiana, na kando yake chupa tupu na barua isiyokwisha. Hapana budi aunganishe mambo mwenyewe: walikuwa nani, walijua nini, walichagua nini saa ya mwisho. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi juu ya Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilikuwa vimepita kwa zaidi ya miaka 60, na nyaraka nyingi zilizokuwapo ziliandikwa na washindi. Kwa hiyo ilibidi kwenda kwa wazee, na kuuliza katika kila kijiji kilichotokea. Mchezo unaowazoesha vijana kuyasoma mabaki kabla ya kuuliza majibu, umewatendea wema.

Sifa ya tatu ni kwamba mchezo unajua thamani ya maji. Katika Fallout ya kwanza shujaa hutumwa nje kutafuta kifaa cha kusafishia maji ya handaki lake. Katika Fallout 3 baba yake hutumia maisha yake kutafuta njia ya kuyasafisha maji ya mto mzima yaliyoingiwa na mionzi ya sumu. Mapambano yote, na bunduki zote, hatimaye huzunguka neno hilo moja. Msomaji wa historia ya kusini hawezi kulipita neno hilo bila kusimama.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waliinuka dhidi ya serikali ya Kijerumani. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji, wakaamini kuwa kwa dawa hiyo risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kinjikitile alinyongwa mapema mwezi wa Agosti, lakini dawa ilikuwa imekwisha kusafiri. Ilifika Ungoni, ilifika kwa Wapangwa katika milima iliyo juu ya Manda, ilifika kwa Wabena. Tarehe 19 Septemba 1905 misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa, na washambuliaji wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Kabla ya hapo, tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, bunduki za rashasha zilikuwa zimewafyeka watu waliokuja kwa wingi wakiwa na imani hiyo. Tarehe 21 Oktoba Kapteni Nigmann aliishambulia kambi ya Wangoni alfajiri, wakatawanyika. Risasi haikugeuka maji.

Hapa ndipo kasoro ya kwanza ya mchezo inapojitokeza. Katika Fallout dawa ya maji inafanya kazi. Shujaa akipigwa risasi kumi, husimamisha mchezo, hujichoma sindano ya dawa, akainuka mzima. Akifa, hurudi mahali alipohifadhi mchezo wake na kuanza tena, akiwa sasa anajua adui amejificha wapi. Yale waliyoyatamani wapiganaji wa Ungoni na Upangwa, na ambayo kwa kuyakosa walipoteza roho zao, mchezaji hupewa bure. Hapana ubaya katika kucheza. Lakini risasi isiyoua haiwezi kumfundisha mtu uzito wa risasi. Mchezaji anaweza kumaliza mchezo mzima, akaua mamia, asiulizwe hata mara moja kwa nini mtu mwenye akili timamu angetaka kuamini kwamba risasi ni maji.

Kasoro ya pili inahusu chakula, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Wakubwa wa jeshi la Kijerumani walipoona kwamba wapiganaji wamegawanyika katika vikundi vidogo na hawakutani tena uwanjani, walikata shauri kupigana na ghala. Kapteni Wangenheim alimweleza Gavana Götzen mwezi wa Oktoba 1905 kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazoleta kutii kwa mwisho. Meja Johannes alipofika Songea aliifuata njia hiyo. Vijiji vilichomwa, nafaka ikachukuliwa au ikateketezwa, mbegu ikapotea, na msimu wa kupanda ukapita watu wakiwa maporini. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni, pamoja na Mputa Gama, walinyongwa mjini Songea, lakini kufa kwa watu hakukukoma hapo. Wajerumani walikadiria wafu wa vita hivyo kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa walifikia kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hesabu yo yote, walio wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa.

Sasa tazama Fallout 3. Miaka 200 baada ya vita, vyakula vya makopo vingali vimepangwa rafuni, na shujaa haoni njaa kamwe. Hula ili kuponya jeraha tu. Risasi ziko katika kila sanduku na kila mtoto wa meza. Bila shaka watungaji waliona kasoro hiyo, maana katika New Vegas waliongeza namna ya kucheza ambayo humlazimu mchezaji kula, kunywa na kulala. Hata hivyo mpango wa dunia ile haukubadilika: bunduki ni chombo cha kutafutia chakula. Katika nchi ya kusini mambo yalikuwa kinyume: chakula ndicho kilichokuwa shabaha ya bunduki. Mchezo unaosahau jambo hili unamfundisha mchezaji kwamba kiyama huletwa na bomu moja kubwa kutoka angani, hali historia inaonyesha kwamba chaweza pia kuletwa na kiberiti, ghala moja baada ya jingine, kwa amri iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Kasoro ya tatu ni ya wakati. Miaka 200 imepita, na mifupa ingali kitandani, sakafu haijafagiwa, ukuta haujazibwa. Watu wa mchezo huishi kati ya takataka za babu wa babu zao kana kwamba vita vilikwisha jana. Nchi halisi haikai hivyo. Mahali palipokosa watu baada ya 1907, msitu ulirudi; tembo na nyati wakaingia mashambani; mbung'o wakaenea na kuzuia mifugo. Sehemu kubwa ya nchi iliyopungukiwa na watu ikaja kuwa pori la hifadhi lililoitwa Selous. Mgeni apitaye humo huona uzuri wa maumbile tu, asijue kwamba katika baadhi ya mapori yale palikuwa na vijiji.

Na mahali walipobaki watu, walifanya yale ambayo binadamu hufanya. Walizika wafu wao, wakatafuta mbegu, wakajenga. Misheni ya Peramiho iliyochomwa mwaka 1905 ilijengwa upya. Vijana wa Ungoni na Ubena, walipokosa fedha ya kodi, walisafiri mwendo mrefu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga kuwa manamba. Kwenye mwambao wa Manda walivua samaki na kupanda muhogo; wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu, na vyungu vikasafirishwa kwa mitumbwi kwenda masokoni. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa miaka 56 tu tangu vita kuanza, na walioviona kwa macho yao walikuwa wangali hai. Jembe lilifanya katika miaka 50 kazi ambayo bunduki za Fallout zimeshindwa kuifanya katika miaka 200.

Kasoro ya nne ni adui asiye na jina. Nchi ya Fallout 3 imejaa wanyang'anyi wanaotoka nyuma ya mawe, hufyatua risasi, hufa, na hawaulizwi walikuwa nani. Vita vya kweli havina watu wa namna hiyo. Katika Maji Maji, Wangoni waliokuwa tishio la majirani zao kwa miaka 40 walipigana upande mmoja na baadhi ya majirani hao; Merere wa Usangu na Kiwanga wa Wabena wa Kilombero walisimama na Wajerumani, kila mmoja kwa sababu zake; na askari waliochoma ghala wengi wao walikuwa Waafrika. New Vegas umekaribia ukweli huu kuliko wenzake, maana kila upande una hoja yake, na mchezaji hawezi kuuchagua mmoja bila kuwadhulumu wengine. Hapana budi kukiri pia kwamba Fallout 4 unampa mchezaji nafasi ya kupanda mazao na kujengea watu makazi. Na Fallout 76, ulipotolewa mwaka 2018, haukuwa na mwenyeji hata mmoja aliye hai wa kuzungumza naye. Ukalaumiwa vikali, na mwezi wa Aprili 2020 watungaji wakarudisha watu ndani yake. Walijifunza kwamba magofu bila mashahidi hayana ladha.

Basi mchezo huu usitupwe, wala usiaminiwe wote. Unajua kusoma mabaki, unajua hofu ya mtu atokaye katika kimbilio, na unajua kwamba maji ni uhai. Haujui njaa, haujui jembe, na haujui kwamba waliookoka huzaa watoto ambao siku moja watauliza. Mchezaji akizima mashine yake, nchi ile iliyoungua hunyamaza, na hapana mtu anayemdai cho chote. Katika kusini ya kweli, kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka walionyongwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mjini humo akaomba radhi mbele ya wajukuu wao. Ilikuwa imepita miaka 117, na wajukuu hao walikuwa bado wanauliza kilipo kichwa cha Songea Mbano.