Rolakosta 5 Noma Zaidi Ferrari World, Na Venye Zinalingana Na Nganya Ya Buru

Kama umekulia Buru, rolakosta yako ya kwanza ilikuwa nganya, ni vile hakuna mtu alikuambia. Dere anakata kona ya Rabai Road gari ikiwa imelala upande, besi inakupiga kifua, makanga ananing'inia mlangoni na mkono moja, na tumbo yako inabaki nyuma pale stej. Unashuka miguu ikitetemeka, unacheka, na kesho unapanda tena.

Sasa kuna watu wanapanda ndege na kulipa pesa mingi kusikia hiyo kitu. Hapa Nairobi tumekuwa na za kwetu: Luna Park pale Uhuru Park, bembea za ASK Show pale Jamhuri, na gurudumu kubwa la Two Rivers. Ziko poa, lakini rolakosta za kuvunja rekodi hatuna. Zile wasee wa Buru wana nafasi ya kufikia ziko Gulf, saa tano hivi na ndege, na kila kona ya Eastlands iko na mtu ameenda huko kusaka kazi: ulinzi, hoteli, teksi, usafi. Siku ya ofu ikifika, wengi wanataka kuona Ferrari World.

Hii paki iko Yas Island, Abu Dhabi, na ilifunguliwa Novemba 2010. Paa yake ni nyekundu, na nembo ya Ferrari iliyochorwa juu ni kubwa mpaka unaiona ukiwa kwa ndege. Tumekupangia rolakosta tano za huko, kutoka ile ya kuanzia mpaka ile ya kuandika wosia. Lakini kwanza elewa venye hizi vitu zinafanya kazi.

Inafanyaje kazi?

Rolakosta nyingi hazina injini ndani ya gari. Ile ya kawaida inavutwa juu ya mlima, kisha inaachiliwa. Kutoka hapo ni uzito wake tu unaivuta chini, na spidi ya kushuka ndio inaipandisha mlima unaofuata. Ndio maana mlima wa kwanza huwa mrefu kuliko zile zingine. Aina ya pili hairuhusu hata kujiandaa: inarushwa mbele kama jiwe kwa manati.

Ile kitu unasikia kwa tumbo ukishuka ni ukweli, si woga tu. Gari ikishuka kwa kasi, mwili wako unashikiliwa na kiti na mkanda, lakini matumbo yako ndani yanaelea kidogo. Ubongo unasoma hiyo kama "tunaanguka", unaachilia adrenalini, na moyo unaanza kukimbia.

Na kwa nini gari haitoki kwa reli? Juu ina magurudumu matatu kila kona: moja inakanyaga reli kutoka juu, moja inaibana kutoka kando, na ya tatu inaishika kutoka chini. Hiyo ya chini ilipewa hataza Marekani mwaka wa 1919, kazi ya fundi anaitwa John Miller. Kabla ya hapo, wajenzi waliogopa milima mikali na kona kali. Baada ya hapo, mchezo ukabadilika.

5. Fiorano GT Challenge

Spidi: kilomita 95 kwa saa.

Hapa ndio pa kuanzia. Ni reli mbili zimejengwa kando kando, na gari mbili zinashindana. Kila gari imetengenezwa ifanane na Ferrari F430 Spider. Unarushwa, mnakata kona mkiwa sambamba, mara wako mbele, mara mko mbele.

Kipimo cha Buru: ni kama nganya mbili za 58 zimepatana Jogoo Road na kila dere anataka kufika tao kwanza. Tofauti ni kwamba hapa kila moja iko na reli yake, na hakuna mtu anavuka barabara.

4. Mission Ferrari

Ilifunguliwa: 2023.

Hii haikutishi na urefu. Iko ndani ya jengo, na inakupeleka kwa hadithi kama ya filamu ya majasusi, na skrini na giza. Ile kitu inaifanya maarufu ni moja: kuna mahali kipande kizima cha reli, na gari ikiwa juu yake, kinaanguka kando. Unaanguka kwa upande, kama meza imeinamishwa ghafla.

Kipimo cha Buru: ile sekunde tairi za upande moja zinaingia kwa shimo na wewe uko dirishani.

3. Turbo Track

Urefu: mita 64. Spidi: kilomita 102 kwa saa.

Unaanza ndani ya jengo, unarushwa mbele na nyuma, halafu reli inasimama wima na kutoboa paa. Unajipata nje, mita 64 juu, unaangalia mawingu. Hapo gari inaishiwa na nguvu na kwa sekunde chache huna uzito kabisa. Kisha unarudi chini kwa njia ile ile, kinyumenyume. Kupata picha: jengo la KICC lina mita 105, so umepita nusu ya KICC ukiwa umelala chali.

Kipimo cha Buru: hakuna. Nganya haijawahi panda ukuta.

2. Flying Aces

Urefu: mita 63. Spidi: kilomita 120 kwa saa. Reli: kilomita 1.5.

Viti vimetokeza nje ya reli, kulia na kushoto, kama mabawa ya ndege. Chini ya miguu yako ni hewa. Mlima wa kwanza umeinama digrii 51 na unapandishwa haraka, si ile ya tik-tik-tik ya kukupatia nafasi ya kuomba. Halafu kuna kitanzi cha mita 52, lakini reli inajipinda kabla ya kufika juu ili kichwa chako kibaki juu. Watu wengi wanashuka wakiapa hicho kitanzi kiliwageuza. Hakikuwageuza.

Jina lake lina stori tamu. Rubani wa Italia wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Francesco Baracca, alikuwa amechora farasi mweusi amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye ndege yake. Baada ya kifo chake, mama yake alimwambia Enzo Ferrari aweke hiyo farasi kwa gari zake imletee bahati. Ndio hiyo farasi unaona mpaka leo, hata kwa stika za nganya za hapa kwetu ambazo hazijawahi kanyaga Italia.

Kipimo cha Buru: makanga. Kuning'inia nje, upepo usoni, chini hakuna kitu. Tofauti ni kwamba hapa umefungwa.

1. Formula Rossa

Spidi: kilomita 240 kwa saa. Urefu: mita 52. Reli: kilomita 2 na kitu kidogo.

Hii ndio yenyewe. Kutoka kusimama mpaka kilomita 240 kwa saa ni sekunde 4.9. Mtambo unaoirusha unafanana na ule wa kurusha ndege za kivita kutoka kwa meli. Lazima uvae miwani ya kufunika macho kabisa, juu iko nje, jangwani, na kwa hiyo spidi chembe moja ya mchanga au mdudu inaweza kukuumiza jicho.

Ilipofunguliwa 2010 ilinyang'anya taji Kingda Ka ya Marekani, iliyokuwa inakimbia kilomita 206 kwa saa. Ilishikilia jina la rolakosta ya spidi zaidi duniani miaka mingi, mpaka majirani wa Saudi Arabia wakajenga Falcon's Flight pale Qiddiya, karibu na Riyadh: kilomita 250 kwa saa, na mita 195 kwenda juu. Hiyo ni karibu urefu wa Britam Tower pale Upper Hill.

Kipimo cha Buru: kutoka Buru mpaka tao ni kama kilomita 7. Kwa spidi ya Formula Rossa ungefika chini ya dakika mbili. Makanga hangemaliza kuitisha nauli.

Kabla upande, shika hizi

- Urefu wako unapimwa. Formula Rossa haichukui mtu chini ya sentimita 140. Usibishane na mhudumu, si kiburi. Chuma cha kukushika kimepimwa kwa mwili wa ukubwa fulani.
- Kama uko na shida ya moyo, mgongo au shingo, au una mimba, kaa kando ushike mikoba ya wengine.
- Simu, funguo, kofia, miwani ya jua: acha zote kwa kabati. Simu ikitoka mfukoni kwa kilomita 120 ni jiwe kwa mtu wa nyuma.
- Usipande na njaa na usipande umeshiba sana. Kitu kidogo, maji, basi.
- Kichwa kiguse kiti, uangalie mbele. Ukiinamisha shingo wakati wa kurushwa, utaisikia wiki nzima.
- Za nje husimamishwa upepo ukizidi. Nenda mapema, na chagua miezi ya Novemba mpaka Machi wakati joto la huko linavumilika.

Sasa turudi nyumbani

Hapa ndio pointi. Mwili wako hauwezi kutofautisha Formula Rossa na nganya. Adrenalini ni ile ile, moyo ni ule ule, na ile kicheko ya kushuka ni moja. Ndio maana ni rahisi kudhani ni mchezo moja. Si mchezo moja.

Kwa rolakosta, woga umetengenezwa na hatari imetolewa. Kila asubuhi kabla watu waingie, mafundi wanapita reli na kurusha gari tupu. Reli imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu gari mbili kuwa kwa kipande kimoja. Breki nyingi ni za sumaku, hazihitaji hata stima kukusimamisha. Na chuma cha mapajani kisipofungwa kwa abiria mmoja tu, gari nzima haitoki.

Kwa nganya ni kinyume: woga umetolewa na hatari imebaki. Muziki, taa, michoro na mbogi yako zinakufanya usahau uko barabarani na malori. Fanya hesabu ya shule: gari ikigonga kitu ikiwa kilomita 60 kwa saa, nguvu inayokupata kama hujafunga mkanda ni sawa na kuanguka kutoka mita 14. Hiyo ni ghorofa ya nne. Flying Aces inakupandisha mita 63 na unarudi ukicheka. Nganya inakuangusha mita 14 na hakuna reli ya kukurudisha.

Na hatuongei kitu mpya. Zile sheria za Michuki zilianza Februari 2004: mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, hakuna kusimama ndani. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa watoto wadogo ama hatukuwa tumezaliwa. Mikanda mingine bado iko pale chini ya kiti, imejaa vumbi, na mtu akiifunga anaangaliwa kama mgeni kutoka ushago.

Hakuna mtu anakuambia uache nganya. Nganya ni sanaa ya Eastlands, na kuna vijana wa mtaa wanakula kwa kuzichora, kuziwekea muziki na kuziendesha. Lakini ule mlango ni wa kuingia na kutoka. Kijana wa shule akidandia hapo ndio mbogi imwone, haendi Flying Aces. Anafanya kazi ya reli, ya mkanda na ya breki ya sumaku na vidole vinne tu.

Kwa hivyo ukipata chansi ya Abu Dhabi, anza na Fiorano, malizia na Formula Rossa, piga kelele mpaka sauti iishe. Na ukirudi Buru, ukipanda 58 jioni, weka mkono chini ya kiti, tafuta ule mkanda, upanguse vumbi, ufunge. Wakicheka, waambie hivyo ndivyo hufanywa kwa kilomita 240.