Kisasi cha Wafu na Kanuni ya 1954: Hatima ya Katuni za Kutisha za EC nchini Marekani

Historia ya majarida ya katuni za kutisha nchini Marekani imezoeleka kuelezwa kama mvutano baina ya wachapishaji wenye tamaa na wazazi wenye hofu. Insha hii inauliza swali jingine: ni nini hasa kilichopigwa marufuku mwaka 1954? Inadaiwa hapa kwamba visa vya kampuni ya EC vilijaa maadili. Kilichokosekana ndani yake ni dola.

William Gaines aliirithi kampuni hiyo baada ya baba yake kufa katika ajali ya boti mwaka 1947. Mwaka 1950, akishirikiana na mhariri Al Feldstein, alianza kutoa majarida ambayo yangejulikana kama Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Visa vyake vifupi viliongozwa na wasimulizi watatu wa kubuni, mmoja wao ajuza mchawi, waliomkaribisha msomaji kwa dhihaka na kumuaga kwa mzaha juu ya maiti.

Kiini cha visa hivyo ni laana inayomrudia aliyeisababisha. Katika “Poetic Justice” cha mwaka 1952, kilichochorwa na Graham Ingels, mzee maskini anachukiwa na majirani matajiri. Wanamwandama kwa hila, na hatimaye wanamtumia kadi za Valentino zenye matusi hadi anajiua. Mwaka mmoja baadaye anatoka kaburini na kumng’oa moyo mkosaji. Polisi hawana nafasi katika kisa hiki, kwani matusi yale, kwa ukatili wake wote, si kosa ambalo mahakama ingelishughulikia. Hapo ndipo maiti inaposhika kazi ya hakimu.

Si visa vyote vilivyofikia kiwango hicho. Vingi vilirudia mume kumuua mke, au mke kumuua mume, kwa ajili ya mali, kisha marehemu akarejea. Msomaji wa matoleo kadhaa mfululizo huubaini mwisho kabla ya kufika katikati.

Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha Seduction of the Innocent, akizihusisha katuni na uhalifu wa watoto. Utafiti wa Carol Tilley wa mwaka 2012, uliotumia hati za daktari huyo, umeonyesha kwamba alipotosha sehemu ya ushahidi wake. Hata hivyo, si haki kumchora kama adui wa watoto: yeye ndiye aliyeanzisha kliniki ya gharama nafuu kwa wakazi weusi wa Harlem. Tarehe 21 Aprili 1954 Gaines alihojiwa na kamati ndogo ya Seneti mjini New York. Alipoonyeshwa jalada lenye shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, alishikilia kwamba halikuvuka mipaka ya staha kwa jarida la kutisha.

Serikali kuu haikutunga sheria. Wachapishaji wenyewe walijiwekea Kanuni mwezi Oktoba mwaka huo, iliyowakataza wanyonya damu, watu-mbwamwitu, walao watu na wafu wanaotembea. Kanuni hiyo hiyo ilidai wema ushinde daima na mhalifu aadhibiwe, sharti ambalo EC ilikuwa ikilitimiza kwa ukali kuliko wengi. Kifungu kinachofumbua fumbo ni kile kilichozuia polisi, mahakimu na viongozi kuonyeshwa kwa namna ya kuvunja heshima ya mamlaka. Adhabu ilitakiwa, ila itoke mikononi mwa wenye madaraka. Kufikia katikati ya 1955, majarida yote matatu yalikuwa yamekoma.

Kanuni iliporekebishwa mwaka 1971, wanyonya damu na watu-mbwamwitu waliruhusiwa kurudi, mradi wafuate jadi ya Dracula, Frankenstein na waandishi wanaosomwa shuleni. Wafu wanaotembea waliendelea kukatazwa.